Mechi Iko Wapi Leo? Vidokezo 12 kwa Mtazamaji Aliyechoka Kulipa Mara Mbili

Shemeji yangu wa Tabata ana ving'amuzi vitatu juu ya kabati moja, vimepangana kama sufuria za zawadi ya harusi. Kimoja alikinunua kwa ajili ya Ligi Kuu yetu, cha pili kwa ajili ya England, na cha tatu hata yeye hakumbuki vizuri, ila anadhani ilikuwa mambo ya Kombe la Dunia. Siku ya mechi kubwa anashika rimoti tatu, anabonyeza hapa, anabonyeza pale, na runinga inamjibu maneno yaleyale: tafadhali lipia kifurushi chako. Basi anavaa kandambili, anavuka barabara, anatoa shilingi mia tano kwenye kibanda umiza, na anaiona mechi vizuri kuliko mimi ninayejifanya mjanja na simu yangu.

Nilimcheka sana mpaka siku nilipokaa nikahesabu ya kwangu. Dishi moja. Programu mbili za simu. Bando la wikiendi linalokata roho dakika ya 70. Tangu hapo nimejifunza mambo kadhaa, mengine kwa hasara.

1. Nunua mechi, usinunue king'amuzi

Mtaani kwetu maduka matatu yakiuza sukari, bei inashuka. Sukari ni ileile, ukiudhiwa kwa Mangi unavuka kwa jirani yake. Wengi wetu tunadhani mpira nao uko hivyo, kwamba kampuni za matangazo zikiwa nyingi tutapata nafuu. Sivyo. Haki ya kuonyesha mechi mubashara kwa kawaida huuzwa kwa mtu mmoja: aliyeshinda anaonyesha mpira, aliyeshindwa anaonyesha tamthilia. Kampuni zinapigana kweli, lakini zinapigana mnadani, mahali ambapo wewe hukualikwa. Ukifika dukani, muuzaji wa mechi yako ni mmoja tu.

Tazama Uingereza. Mwaka 1992, Ligi Kuu mpya ya England ilipoanza, BSkyB, ndio Sky ya leo, wakiwa pamoja na BBC, walishinda kwa mkataba wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Mkataba wa sasa wa kuonyesha ligi hiyo ndani ya Uingereza, kuanzia 2025 hadi 2029, ni pauni bilioni 6.7 kwa miaka minne, wamegawana Sky na TNT Sports. Klabu zimetajirika. Mtazamaji amepata nini? Risiti mbili badala ya moja.

Kwa hiyo kabla hujaenda Kariakoo kununua chombo, kaa chini uandike mashindano unayoyatazama kweli. Si unayoyapenda, unayoyatazama. Mimi nilikuwa najiita mpenzi wa Bundesliga. Nilipohesabu, nilikuwa nimetazama mechi mbili msimu mzima, na moja nililala.

2. Fahamu jinsi samaki anavyokatwa

Ukienda Feri asubuhi utamwona tajiri ananunua samaki mzima mnadani. Baadaye kichwa kinakwenda kwa mama ntilie, minofu hotelini, mkia kwa mtu wa kitoweo cha jioni. Haki za matangazo ni hivyohivyo. Mwenye ligi huuza kwa nchi, kwa lugha, kwa chombo na kwa muda. Mtu mmoja anaweza kuwa na mechi mubashara, mwingine akawa na vipande vya mabao baada ya mechi, mwingine akawa na redio peke yake.

Hata ukubwa wa kioo hukatwa. Showmax ilipozinduliwa upya mwanzoni mwa 2024, iliuza kifurushi cha Ligi Kuu ya England cha kutazama kwenye simu tu. Ukitaka mechi hiyohiyo kwenye runinga ya sebuleni, ulitakiwa urudi kwenye dishi la ndugu zao DStv. Mechi moja, wachezaji walewale, bei mbili, na tofauti yake ni upana wa kioo.

Na wauzaji nao ni tofauti. Shirikisho letu la soka, TFF, linauza Ligi Kuu Bara. Haki za michuano ya Afrika ziko chini ya shirikisho la bara, CAF. Ndiyo sababu kuiona Simba ikicheza na Namungo si dhamana kwamba utaiona Simba hiyohiyo ikicheza Cairo. Jezi ni moja, duka ni jingine.

Mfano mzuri ni AFCON ya Côte d'Ivoire, Januari 2024. Kampuni ya Togo iitwayo New World TV ndiyo iliyokuwa na haki za Afrika kusini mwa Sahara. SuperSport, waliozoeleka kama wenye nyumba ya mpira wa Afrika, walitangaza kwamba hawataonyesha. Watu wakapiga kelele bara zima, na siku chache kabla ya filimbi makubaliano yakapatikana. Waliokuwa wamekimbilia kununua king'amuzi kingine kwa hasira walibaki nacho.

3. Uliza mkataba unaisha lini

Hili ni swali ambalo hakuna wakala wa duka anayelipenda, lakini uliza. Haki za matangazo ni nyumba ya kupanga. Aliye ndani leo anaweza kutolewa vyombo nje kesho.

Kwa Ligi Kuu yetu, jibu ni jepesi: Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Piga hesabu, ni wastani wa bilioni 22.56 kwa msimu. Kwa mpenzi wa Simba, Yanga, Coastal Union au Mashujaa, hiyo ni amani ya moyo ya muda mrefu. Unajua dishi lako halitageuka pambo la paa msimu ujao.

Majirani zetu Kenya hawakubahatika hivyo. SuperSport walikuwa wakionyesha ligi yao kwa miaka, na hata mashabiki wa Tanzania waliwajua Gor Mahia na AFC Leopards kupitia runinga. Mwaka 2017 ukaja ugomvi wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, SuperSport wakavunja mkataba na kuondoka. Mwaka 2020 shirikisho likasaini na StarTimes, mkataba ambao haukufika mwisho wake. Mwishoni mwa 2023 likasaini na Azam mkataba wa miaka saba. Sasa mfikirie Mkenya mmoja mpenda ligi ya kwao ambaye alinunua chombo kila mkataba ulipobadilika. Huyo na shemeji yangu wakikutana watafungua duka.

Kwa hiyo usilipe mwaka mzima kwa mkupuo kabla ya kujua kama kampuni itakuwa na mashindano yako msimu ujao. Ofa ya "lipa miezi 11, upate wa 12 bure" ina utamu wake, lakini mwezi wa bure usio na mpira ni mwezi wa katuni.

4. Aliyenunua ghali kupita kiasi mwogope

Unaposikia kampuni mpya imemshinda mkongwe kwa bei ya kutisha, usishangilie haraka. Pesa hiyo inatakiwa irudi, na njia ya kurudi inapita mfukoni mwako.

Uingereza walipata somo hili mapema. ITV Digital iliahidi pauni milioni 315 kwa miaka mitatu kuonyesha madaraja ya chini ya ligi yao. Watazamaji hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa, mwaka 2002 kampuni ikaanguka, na klabu ndogo zilizokuwa zimeshatumia pesa kabla hazijafika zikabaki na madeni ya mishahara.

Wafaransa ndio walioipata shule nzima, kuanzia chekechea hadi chuo. Kampuni ya Mediapro, yenye asili ya Hispania, iliahidi takriban euro milioni 800 kwa msimu kwa ajili ya Ligue 1. Ikaanza msimu wa 2020, na kufikia Oktoba mwaka huohuo ikaacha kulipa. Desemba mkataba ukavunjwa. Mwaka 2024 akaja DAZN, huduma ya mtandaoni, kwa mkataba wa takriban euro milioni 400 kwa msimu. Bei kwa mtazamaji ilianzia karibu euro 30 kwa mwezi, mashabiki wakagoma, wengine wakakimbilia matangazo ya wizi, na baada ya msimu mmoja tu DAZN naye akafunga virago. Mwishowe, Agosti 2025, wenye ligi wakaamua kuuza wenyewe: wakafungua huduma yao, Ligue 1+, kwa euro 14.99 kwa mwezi.

Hebu rudia kusoma namba hizo mbili za mwisho. Dalali alipoondoka, bei ilishuka karibu nusu. Lakini klabu nazo zilipoteza uhakika wa mapato, na zinasubiri watu wajisajili kama mama muuza vitumbua anavyosubiri wapita njia. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo ligi nyingi zitakapoishia, si kwa sababu wanapenda, ila kwa sababu wanunuzi wakubwa wanazidi kuchoka kuchomwa.

5. Pima bando kabla ya kukata dishi

Kuna wanaotangaza kwa fahari kwamba wameachana na dishi, wanatazama mtandaoni tu. Sawa. Lakini picha ya kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na picha safi inaweza kufika GB 3. Mechi moja, ukiweka mapumziko na dakika za nyongeza, ni saa mbili. Zidisha kwa mechi zako za mwezi, kisha jumlisha na ada ya huduma yenyewe. Mwenye intaneti ya waya nyumbani atatabasamu. Mwenye bando la siku atarudi kulipaka dishi rangi.

6. Ukitazama mtandaoni, zima WhatsApp

Siku moja nilikuwa nyumbani, simu mkononi, Yanga wanashambulia. Kwenye kioo changu mpira ulikuwa bado uko katikati ya uwanja. Ghafla mtaa mzima ukalipuka: goooli! Watoto wakakimbia nje, mtu akapiga sufuria. Mimi nikabaki namtazama kiungo akipiga pasi ya nyuma taratibu, nikijua kila kitu kitakachotokea, kama nabii asiye na wafuasi. Nusu dakika baadaye bao likaingia kwangu. Sikupiga kelele. Ningempigia nani?

Si kosa la simu. Matangazo ya mtandaoni hukatwa vipandevipande, hupita kwenye mitambo kadhaa, na simu hujiwekea akiba kidogo kabla ya kuonyesha ili picha isikwamekwame. Dishi halina safari hiyo ndefu. Jirani mwenye dishi atakutangulia daima. Zima makundi ya WhatsApp, funga madirisha, na kama unaishi karibu na kibanda umiza, Mungu akusaidie.

Wakubwa nao hawajasalimika. Novemba 2024 Netflix walipoonyesha pambano la Jake Paul na Mike Tyson, walitangaza kwamba kaya milioni 60 zilitazama, na wengi wao walilalamika kwamba picha inaganda. Setilaiti moja angani haiulizi mko wangapi. Mtandao unauliza.

7. Usimwonee wivu aliye Uingereza

Mpwa wangu anaishi Reading. Jumamosi jioni hunipigia simu, na mwanzoni nilidhani ni mapenzi ya ujomba. Kumbe anataka matokeo.

Uingereza ina kanuni ya tangu miaka ya 1960, iliyosukumwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley: Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa zao, mechi hazionyeshwi mubashara kwenye runinga za huko. Nia ni kuwafanya watu waende viwanjani, hasa kwenye klabu ndogo. Kwa hiyo zile mechi zinazoanza saa 9 alasiri yao, ambazo hapa kwetu ni saa 11 au saa 12 jioni kulingana na majira yao, wewe wa Mbagala unaziona zote na mwenye nyumba hazioni. Anakaa maili chache kutoka uwanjani, anasikiliza redio.

Lipia kifurushi chako kwa kiburi kidogo. Ni miongoni mwa mambo machache ambayo tunapata zaidi kuliko wao.

8. Mwenye kibanda umiza, soma kisa cha mama wa Portsmouth

Karen Murphy alikuwa na baa mjini Portsmouth. Kifurushi cha biashara cha Sky kilimshinda bei, akanunua kadi ya king'amuzi cha Ugiriki, akawaonyesha wateja wake mechi za England kwa watangazaji wa Kigiriki. Hakuna aliyeelewa neno, lakini bao ni bao. Akashtakiwa, akatozwa faini, akakata rufaa mpaka kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Oktoba 2011 mahakama ikasema kumzuia Mzungu wa nchi moja kununua kadi ya nchi nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya ni kinyume cha soko huria. Mwaka uliofuata hukumu yake ikafutwa.

Lakini kulikuwa na mwiba ndani ya ua. Mahakama ilisema mechi yenyewe si kazi ya sanaa yenye hakimiliki, ila nembo ya ligi, wimbo wa ufunguzi na michoro inayotokea kwenye kioo ni kazi za mtu, na kuvionyesha mbele ya wateja kunahitaji kibali.

Huku kwetu hakuna soko la pamoja la namna hiyo, na kanuni ni kali zaidi: kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Ukiweka benchi, ukatoza kiingilio, wewe ni mfanyabiashara, na kampuni zina vifurushi vyao vya biashara kwa ajili yako. Najua bei zake zinaumiza kuliko jina la kibanda. Najua pia kwamba vibanda hivi ndivyo vilivyowafanya mamilioni ya vijana wetu wawe washabiki wa ligi za mbali, bila mwenye ligi kutoa hata senti ya matangazo. Kama ningekuwa naendesha kampuni ya haki za mpira, ningetengeneza kifurushi cha kibanda, cha kulipa kwa mechi, bei ya kibanda. Mpaka hapo, wenye vibanda unganeni mwende mezani kama kundi. Mmoja mmoja mtakamatwa.

9. Ukisafiri, akaunti yako haina pasipoti

Umelipia Dar, umefika Muscat kwa dada yako, unafungua programu, inakwambia huduma haipatikani katika eneo hili. Hujaibiwa. Kampuni yako ilinunua haki za Tanzania, na kule Oman haki nyingi kubwa ziko kwa beIN ya Qatar. Vivyo hivyo ukivuka kwenda Kongo, ambako Canal+ ndio wenye mtaa. Kabla ya safari, muulize mwenyeji wako analipia nini. Mpelekee zawadi ya karafuu, utazame kwake.

10. Ukidhani kwako kumevurugika, watazame Wamarekani

Shabiki wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, anayetaka kuona kila kitu anatakiwa awe na runinga ya kawaida kwa CBS, Fox na NBC, kebo kwa ESPN, Amazon kwa mechi za Alhamisi tangu 2022, YouTube kwa kifurushi cha Jumapili tangu 2023, na Netflix kwa mechi za Krismasi tangu 2024. NBA, ligi yao ya kikapu, nao wamesaini mikataba ya miaka 11 yenye thamani ya karibu dola bilioni 76 na Disney, NBC na Amazon. TNT, waliokuwa na mpira huo wa kikapu kwa miongo kadhaa, wakaachwa nje.

Ligi yao ya soka, MLS, ilikwenda njia nyingine: ikauza yote mahali pamoja, kwa Apple, mkataba uliosainiwa uwe wa miaka 10 kuanzia 2023, dola bilioni 2.5. Na kwa sababu Apple wanauza katika nchi nyingi kwa pamoja, hapakuwa na ubishi wa nchi hii na nchi ile. Messi akicheza Miami, watazamaji wa nchi mbalimbali wanaingia mlango mmoja. Binafsi naupenda mfumo huo. Tatizo lake ni lilelile: duka ni moja, na mwenye duka ndiye anayepanga bei.

11. Linki ya bure ina mwenyewe

Kila mechi kubwa utatumiwa linki Telegram. Nimewahi kuifungua, sitakudanganya. Nilifunga matangazo saba ya kamari, nikakubali "kuruhusu arifa" bila kusoma, na kwa mwezi mzima simu yangu ilikuwa inaniambia saa 9 usiku kwamba nimeshinda pikipiki. Siku hizi nikikosa pesa nasikiliza redio. Watangazaji wetu wa redio, kwanza, huona mechi nzuri kuliko iliyochezwa.

Wizi huu si wa vijana wa kona tu. Mwaka 2017, Qatar ilipokuwa imetengwa na majirani zake, ikaibuka chaneli ya wizi iitwayo beoutQ, iliyokuwa ikichukua picha za beIN na kuzirusha upya kwa nembo yake, na ving'amuzi vyake vikiuzwa Saudi Arabia. Kesi ikafika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2020 jopo lake likaona Saudi Arabia haikutimiza wajibu wake wa kulinda haki hizo. Ndugu zetu wa Ghuba wanaikumbuka: ilikuwa rahisi, ikawa maarufu, kisha mwaka 2019 ikazimika, na vyombo vyao vikabaki mapambo.

12. Jua nani anamiliki nani

Mwaka 2013, Azam TV ilipoingia kwenye ligi yetu, Yanga walikataa mkataba ule. Hoja yao: vipi kampuni yenye timu ndani ya ligi, Azam FC ya Chamazi, ndiyo iwe inawalipa wapinzani wake? Leo kelele hizo zimepoa, na ukweli ni kwamba pesa na kamera za Azam zimeibadilisha ligi hii kuliko hotuba zote za viongozi wa mpira. Mechi ya Mbeya au Kigoma inaonekana Mombasa. Lakini swali la Yanga lilikuwa halali, na mtu mwenye akili huliweka kabatini, halitupi.

Swali jipya ni kubwa zaidi. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, wenye DStv na SuperSport. Waliokuwa mafahali wawili wa bara hili, mmoja upande wa Kifaransa na mwingine upande wa Kiingereza, sasa wanakula zizi moja. Kwenye mnada wa Feri wanunuzi wakubwa wakiungana, mvuvi ndiye wa kwanza kulia. Ligi zetu ndizo wavuvi hapa. Sisi wa kununua kipande tutalia baadaye kidogo.

Na hapo ndipo ninapotaka kukuachia kazi. Uingereza, pamoja na soko lao lote, wana sheria inayotaja matukio ambayo lazima yaweze kuonekana kwenye runinga za bure: Kombe la Dunia, fainali ya Kombe la FA, Olimpiki. Mabilioni yapiganwe kwingine, hayo ni ya wote. AFCON ya 2027 inakuja nyumbani, Tanzania, Kenya na Uganda. Uwanja utajengwa kwa kodi ya muuza mchicha, kisha mechi iuzwe kwa king'amuzi asichokuwa nacho? Ukimwona mbunge wako kabla ya mwaka huo, usimwombe jezi. Muulize kama mechi za Taifa Stars, Harambee Stars na Cranes zitakuwa kwenye runinga ya bure, na mwambie akujibu kwa maandishi.